Je, Kila Dhambi Ni Jinai?

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 2:18–24, Kumbukumbu la Torati 19:15–20, Yohana 8:1–11, Yohana 18:33–37, Warumi 13:1–7, 1 Wakorintho 5:1–13 na 6:9–11, 2 Wakorintho 2:5–8.

Wazo kuu: Mungu amelipa kanisa kazi moja na serikali kazi nyingine. Kujua kwamba jambo fulani ni dhambi hakutoshi kutuambia kama askari aitwe.

Mada ya ushoga ikitajwa katika kundi la Shule ya Sabato, iwe Nyakato, Igoma au ng'ambo ya ziwa huko Sengerema, mjadala haukawii kupamba moto. Mmoja husema Ulaya imemwacha Mungu na sasa inataka kutuletea mambo yake pamoja na misaada. Mwingine husema sheria ikazwe zaidi. Wa tatu, mara nyingi kijana, huuliza kwa sauti ya chini kama Yesu angempeleka mtu huyo polisi. Kengele hulia kabla jibu halijapatikana, na kila mtu huondoka na lake.

Sababu moja ya mjadala kutofika mahali ni kwamba maswali matatu huulizwa kana kwamba ni moja. La kwanza: Biblia inafundisha nini juu ya ndoa na tendo la ndoa? La pili: serikali imfanyie nini mtu anayeishi kinyume cha mafundisho hayo? La tatu: mshiriki wa kanisa amtendeeje mtu huyo, ambaye anaweza kuwa jirani yake, mteja wake au hata mwanawe? Ni vema yachukuliwe moja moja. Aliyejibu la kwanza asidhani amekwisha kujibu la pili na la tatu.

Mafundisho ya kanisa

Kwa Waadventista wa Sabato swali la kwanza lina jibu. Ndoa iliwekwa Edeni kati ya mwanamume na mwanamke (Mwanzo 2:24), na Yesu alipoulizwa juu ya talaka alirudi huko huko mwanzo (Mathayo 19:4–6). Imani ya Msingi ya 23 inafundisha hivyo. Tamko la Konferensi Kuu juu ya ushoga, lililopitishwa mwaka 1999 na kurekebishwa mwaka 2012, linashikilia kwamba tendo la ndoa ni la mume na mke ndani ya ndoa. Tamko hilo hilo linakiri kwamba kila mwanadamu ana thamani machoni pa Mungu, na kwamba kanisa limetumwa kuwahudumia watu wote kwa roho ya Yesu. Sehemu zote mbili ni za kanisa. Anayesoma ya kwanza peke yake na anayesoma ya pili peke yake wamesoma nusu ya tamko.

Soma 1 Wakorintho 6:9–11. Fungu hili hutajwa mara nyingi katika mjadala huu, lakini orodha yake ni ndefu kuliko inavyokumbukwa. Pamoja na dhambi za mwili wamo wezi, wachoyo, walevi na watukanaji. Mtume hakuwapanga kwa ngazi, wengine juu na wengine chini. Kisha katika aya ya 11 anawakumbusha Wakorintho kwamba baadhi yao walikuwa watu wa namna hiyo hiyo, wakaoshwa.

Sasa iangaliwe orodha hiyo kwa macho ya sheria za nchi. Mwizi hufungwa. Mchoyo hafungwi. Mzinzi je? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwenzi aliyedhulumiwa haki ya kudai fidia mahakamani, lakini haimpeleki mzinzi gerezani. Sheria hiyo hiyo inatambua ndoa ya wake wengi. Katika vijiji vya Usukuma ziko nyumba zenye wake wawili au watatu, na kanisa linafundisha waziwazi kwamba mpango wa Mungu ni mume mmoja na mke mmoja. Hata hivyo haisikiki kwamba baraza la kanisa limewaomba polisi waende kuvunja nyumba hizo. Kanisa huhubiri, hufundisha, husubiri, na huweka masharti yake kwa wanaotaka kubatizwa. Basi tayari washiriki wanaishi kwa kanuni ambayo pengine hawajaitamka: si kila lililo dhambi mbele za Mungu linapaswa kuwa jinai mbele ya hakimu.

Sheria ilikotoka

Wengi huamini kwamba sheria ya Tanzania juu ya jambo hili ni ukuta uliojengwa na wazee wetu kuzuia mambo ya Ulaya. Historia ni tofauti. Kanuni ya Adhabu ililetwa Tanganyika na Waingereza mwaka 1930. Kifungu cha 154, kinachohusu kumwingilia mtu kinyume cha maumbile, kilikuja nayo. Bunge la Tanzania lilikaza adhabu kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, na sasa adhabu ni kifungo cha maisha, au kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Maneno ya kifungu hicho hayataji wanaume wawili tu. Yanasema mtu yeyote, hata mume na mkewe.

Uingereza kwenyewe tendo hilo lilifanywa jinai na Bunge mwaka 1533, wakati wa Mfalme Henry VIII, na adhabu yake ilikuwa kifo hadi mwaka 1861. Mwaka 1957 kamati iliyoongozwa na John Wolfenden ilipendekeza kwamba yanayofanywa faraghani na watu wazima kwa hiari yao yasiwe tena kazi ya polisi. Mwaka 1967 sheria ilibadilishwa kwa Uingereza na Wales.

Jambo la kuangaliwa na mwanafunzi wa Biblia ni hili: kati ya waliounga mkono badiliko hilo alikuwamo Askofu Mkuu wa Canterbury, Michael Ramsey. Hakusema kwamba tendo lile si dhambi. Alishika kwamba ni kosa kimaadili, na papo hapo akashika kwamba si kila kosa la kimaadili linapaswa kuadhibiwa na dola. Wakristo wengine wa nchi ile walimpinga. Kwa hiyo mjadala wa Ulaya, hapo ulipoanza, haukuwa kati ya waamini upande mmoja na wasioamini upande wa pili. Ulikuwa pia kati ya Mkristo na Mkristo, juu ya mipaka ya upanga wa serikali.

Upanga uliowahi kutugeukia

Waadventista wana sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili kwa makini. Mwaka 1886, L. R. Conradi alikamatwa huko Crimea, katika Urusi ya wafalme, baada ya kubatiza na kulipanga kundi la waumini. Alikaa gerezani siku zipatazo 40. Nchi ile ilikuwa na kanisa lake la taifa, na viongozi wake waliamini wanalinda maadili ya Kikristo ya taifa. Conradi huyo huyo ndiye baadaye aliyesimamia kazi ya Ulaya iliyotuma wamisionari Upare mwaka 1903, na mwaka 1909 huko Busegwe, katika Mara ya leo. Injili ya Sabato ilifika ufuko wa ziwa hili kwa mkono wa mtu aliyewahi kufungwa na watetezi wa maadili ya Kikristo.

Marekani nako, R. M. King, mkulima wa Tennessee, alishtakiwa mwaka 1889 kwa kulima shamba lake siku ya Jumapili. Majirani zake hawakuwa wapagani. Walikuwa Wakristo waliosema kwamba Jumapili ndiyo msingi wa maadili ya jamii na kwamba anayeivunja anawaharibu watoto wao. Mwaka mmoja kabla ya hapo, A. T. Jones alisimama mbele ya kamati ya Seneti kupinga muswada wa Jumapili ulioletwa na Seneta Henry Blair. Hoja yake haikuwa kwamba siku yake ndiyo sahihi, ingawa aliamini hivyo. Hoja yake ilikuwa kwamba serikali haina mamlaka ya kulazimisha mambo ya dini, hata kama wengi wanayataka.

Karibu zaidi na hapa, Machi 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikubali malalamiko ya kanisa kwamba wanafunzi Waadventista walinyimwa haki yao walipolazimishwa kuhudhuria masomo siku ya Sabato. Wanafunzi hao walikuwa wachache. Walichokuwa nacho ni sheria inayowalinda wachache dhidi ya matakwa ya wengi.

Ulaya ya leo inafundisha somo hilo hilo kwa upande wa pili. Nchini Sweden, mwaka 2003, mchungaji wa Kipentekoste aitwaye Åke Green alihubiri dhidi ya ushoga kwa maneno makali sana. Mwaka uliofuata mahakama ilimhukumu kifungo cha mwezi mmoja kwa kosa la kuchochea chuki. Alikata rufaa akashinda, na Novemba 2005 Mahakama ya Juu ya Sweden ikathibitisha kwamba hana hatia. Mtu anaweza kuona kwamba maneno yake hayakufanana na ya Kristo, na bado akafurahi kwamba hakufungwa kwa ajili ya mahubiri.

Kwa hiyo upanga ni ule ule, unabadilishwa mikono tu. Anayeutaka uingie katika dhamiri ya jirani yake leo, asishangae ukiingia katika dhamiri yake kesho.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza linasikika kwa wanaozijua Amri Kumi vizuri. Husema: Sabato na ibada ni za meza ya kwanza ya sheria, ile ya Mungu na mtu, na hapo serikali isiingie. Lakini uzinzi na mambo ya mwili ni ya meza ya pili, ya mtu na mtu, na hapo serikali ina kazi. Warumi 13 haikuupa utawala upanga bure.

Pingamizi hili lina nguvu na lisipuuzwe. Lakini meza hiyo ya pili inakataza pia kutamani, na inaamuru kuwaheshimu wazazi. Hakuna mahakama inayomfunga mtu kwa kutamani ng'ombe wa jirani. Kinachoupa upanga kazi ndani ya meza ya pili ni madhara anayotendewa mwingine: aliyeuawa, aliyeibiwa, aliyeshuhudiwa uongo, aliyebakwa, mtoto aliyechezewa. Hapa serikali haipaswi kulegea hata kidogo. Anayemharibu mtoto ni mhalifu, awe amemharibu mvulana au msichana, awe ni mgeni, mjomba au mzee wa kanisa. Sheria ya mwaka 1998 iliyokaza adhabu za ubakaji na kuwalinda watoto ilifanya kazi njema katika hilo. Tatizo huanza watu wanapoyachanganya mambo mawili katika kapu moja. Hapo macho yote humgeukia kijana anayeshukiwa mtaani, huku mjomba anayemharibu binti wa nduguye akikaa kimya nyumbani na kila mtu akimwamkia kwa heshima.

Pingamizi la pili ni hili: sheria hufundisha. Ikiondolewa, vijana watadhani jambo ni jema. Tazama Ulaya: Uingereza ilianza kwa kusema polisi wasiingie chumbani mwaka 1967, na mwaka 2014 ndoa za jinsia moja zikaanza kufungwa. Uholanzi ilitangulia mwaka 2001.

Hili nalo ni kweli kwa sehemu. Sheria ina sauti, na watu huisikia. Mkristo anaweza kwa haki kabisa kutaka sheria ya ndoa ya nchi yake iendelee kusema kile anachokiamini, na akapiga kura na kutoa maoni yake kama raia. Lakini kuna tofauti kati ya kuomba serikali isiite jambo fulani ndoa, na kuomba serikali imfunge mtu miaka 30. La kwanza ni swali la nini kitambuliwe. La pili ni swali la mwili wa mtu kuwekwa gerezani. Isitoshe, sheria kali ya Uingereza ilidumu zaidi ya miaka 400, mingi ya miaka hiyo ikiwa na kitanzi. Haikuweza kuwashika watu katika imani. Hofu ya jela huwafanya watu wafiche. Haijawahi kumfanya mtu aongoke.

Hofu inapoingia mtaani

Mambo haya si ya Ulaya tu. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza msako dhidi ya watu wanaoshukiwa kuwa mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina. Siku chache baadaye, tarehe 4 Novemba, Wizara ya Mambo ya Nje ilieleza kwamba hayo yalikuwa mawazo yake binafsi na si msimamo wa serikali. Mwezi huo huo Denmark ilizuia sehemu ya msaada wake, kroner milioni 65, ikitaja kauli hizo.

Hapo pande zote mbili zina la kujifunza. Dhamiri haibadilishwi kwa fimbo, na haibadilishwi kwa kunyimwa mkate. Mzungu anayeshika msaada mkononi ili Mwafrika aseme asichokiamini amefanya kosa la namna moja na mtawala anayeshika pingu ili mtu aache alichonacho moyoni. Lakini kosa la Mzungu halimpi Mkristo wa Mwanza ruhusa ya kumtesa jirani yake ili aonyeshe kwamba hakununuliwa.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Sheria iliyotiwa saini Mei 2023 iliweka kifungo cha maisha, na adhabu ya kifo kwa makosa fulani iliyoyaita makubwa. Iliweka pia wajibu wa kutoa taarifa kwa polisi. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, lakini ikaufuta wajibu huo wa kutoa taarifa. Fikiri maana ya kifungu kama hicho kwa mchungaji aliyekaa na mtu anayelia, au kwa mama aliyeambiwa siri na mwanawe.

Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa sana jinsi shutuma inavyoua. Kwa miaka mingi, katika vijiji vya Usukuma, vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho yale yaliwaka kwa moshi wa jikoni, miaka hamsini ya kupikia kuni na mavi makavu ya ng'ombe. Aliyeanza uvumi mara nyingi alikuwa na lake: shamba, deni, urithi, wivu. Waliomwamini hawakuwa watu wabaya wote. Walikuwa watu walioogopa uovu wa kweli, wakakubali ushahidi wa uongo.

Soma Kumbukumbu la Torati 19:15–20. Torati, pamoja na ukali wake wote, ilidai mashahidi wawili au watatu, tena uchunguzi wa bidii, na shahidi wa uongo alipata adhabu ile aliyomtakia mwenzake. Kijana anayetembea kwa namna fulani, asiyeoa hadi miaka 35, au anayependa kupika na kushona, hajashuhudiwa na mtu yeyote juu ya dhambi yoyote. Anayemtangaza mtaani anavunja amri ya tisa huku akidhani anailinda ya saba.

Hofu ina njia nyingine ya kuua. Februari 2017 Wizara ya Afya ilitangaza kusitisha huduma za VVU katika vituo 40 vilivyokuwa vikiwahudumia makundi yaliyo katika hatari kubwa, wakiwamo wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume. Mtu anayeogopa kujulikana haendi kupima. Asiyepima hatumii dawa. Naye, mara nyingi, ana mchumba au mke asiyejua lolote. Waadventista, ambao tangu mwanzo wameiita huduma ya afya mkono wa kuume wa injili, hawawezi kufurahia mgonjwa anayeogopa mlango wa zahanati.

Korintho, na mzee wa kanisa wa leo

Soma 1 Wakorintho 5:1–13. Hapa kuna kesi ya kweli ya dhambi ya mwili ndani ya kanisa. Mtu anaishi na mke wa baba yake, jambo ambalo, Paulo asema, hata mataifa hawalikubali. Mtume hakulegea. Aliagiza mtu huyo atolewe katika ushirika. Lakini angalia asilolifanya. Hakuagiza wampeleke kwa liwali wa Kirumi. Katika sura ya 6 anawakemea hata wale wanaopelekana mahakamani kwa mambo yao. Tena katika 5:12–13 anasema wazi kwamba kuwahukumu walio nje si kazi yake, na kwamba hao Mungu atawahukumu.

Kisha soma 2 Wakorintho 2:5–8. Wengi wa wafafanuzi wa zamani wanaona ni mtu yule yule, na hata kama ni mwingine, kanuni ni moja. Adhabu ya kanisa imetosha. Sasa asamehewe, afarijiwe, asije akamezwa na huzuni. Hiyo ndiyo tofauti kati ya adhabu mbili. Adhabu kubwa kabisa ya kanisa ni kuondolewa katika ushirika, na hata aliyeondolewa anaruhusiwa kuingia Sabato ijayo, akae kwenye benchi, asikie Neno. Mlango haufungwi. Adhabu ya miaka 30 hufunga mlango, na ufunguo hukaa mkononi mwa mtu ambaye hakutumwa kuokoa roho.

Chukulia mfano. Mama mmoja anauza dagaa Mwaloni Kirumba. Mwanawe, mwenye miaka 22, amerudi kutoka Dar es Salaam. Usiku mmoja anamwambia mama yake kwamba tangu utotoni moyo wake haujawahi kuelekea kwa wasichana, na kwamba huko mjini aliishi na mwanaume. Mama halali usiku kucha. Asubuhi anakwenda kwa mzee wa kanisa. Shemasi aliyekuwapo anasikia, na anasema: "Mzee, hili tukilinyamazia litatuaibisha. Bora twende kituoni."

Mzee afanye nini? Hawezi kumwambia mama yule kwamba alichofanya mwanawe si kitu. Hilo lingekuwa uongo, na kijana mwenyewe asingeuamini, kwa maana amelelewa katika Shule ya Sabato ya watoto. Lakini mzee anazo njia ambazo Bwana amempa. Mathayo 18:15 inamtuma kwa mtu huyo faraghani, wao wawili tu. Wagalatia 6:1 inamwagiza amrejeze kwa roho ya upole, akijiangalia nafsi yake. Hapo ataweza kutenganisha mvuto ambao kijana hakuuchagua na matendo ambayo ana uwezo wa kuyachagua. Ataweza kumsikiliza zaidi ya mara moja. Ataweza kumwambia kwamba maisha ya kutooa yana heshima kanisani, na kuhakikisha kwamba kweli yana heshima, kwa kumpa kazi, meza ya kula Sabato mchana, na ndugu wa kuongea nao. Kama kijana ataendelea na maisha yale na anabaki mshiriki, baraza lina utaratibu wake katika Kanuni ya Kanisa, na utaratibu huo ni wa kuponya.

Akienda kituoni, njia hizo zote hufungwa siku hiyo hiyo. Mama hatamwambia mzee siri tena, wala jirani wa mama, wala kijana mwingine yeyote aliyekuwa akikusanya ujasiri wa kusema. Kanisa litakuwa limebaki na usafi wa nje, na limepoteza watu wa kuwaosha.

Wala shemasi asidharauliwe. Anachoogopa ni aibu ya jina la Bwana. Lakini jina la Bwana liliwahi kuaibishwa zaidi na wale walioleta mtu mbele zake huku mawe yakiwa mikononi.

Maneno mawili ya Yesu

Soma Yohana 8:1–11. Walioleta kesi walikuwa na sheria upande wao, kwa maana Torati kweli iliagiza adhabu (Mambo ya Walawi 20:10). Lakini Torati iliagiza kwa wote wawili, na mwanaume hakuletwa. Mara nyingi ukali wa maadili huchagua wa kumshika, na humshika aliye dhaifu.

Yesu hakuibatilisha sheria ya Mungu. Mwishoni alimwambia mwanamke asitende dhambi tena. Lakini kwanza aliyaondoa mawe. Mpangilio huo una maana. Kama angemwambia aache dhambi huku mawe yakingoja, mwanamke angesikia tishio. Alipoyaondoa mawe, alisikia wito. Wito wa kuacha dhambi husikika vizuri na mtu ambaye maisha yake hayako hatarini.

Waumini wanaweza kutofautiana juu ya jinsi sheria za nchi zinavyopaswa kuandikwa, na Biblia haitoi muswada. Lakini juu ya kazi ya kanisa haina utata. Mbele ya Pilato, Yesu alisema ufalme wake si wa ulimwengu huu, na kwamba ndiyo sababu watumishi wake hawakupigana (Yohana 18:36). Kanisa linalojua hivyo litaendelea kufundisha yote ambayo Biblia inafundisha juu ya ndoa, bila kuona haya mbele ya Ulaya wala mbele ya mtu yeyote. Halitaomba pingu zifanye kazi iliyopewa Roho Mtakatifu. Na mtu yeyote wa Mwanza, akikimbizwa na umati usiku, anapaswa kuwa na hakika kwamba nyumba ya Mwadventista ni mahali ambapo akibisha atafunguliwa.

Maswali ya kujadili

1. Taja dhambi tatu ambazo Biblia inazikemea na sheria ya Tanzania haiziadhibu. Kwa nini kanisa haliombi ziadhibiwe? Je, sababu hiyo inahusu pia mada ya somo hili?

2. Waadventista walipopinga sheria za Jumapili, walidai uhuru kwa ajili yao tu au kwa ajili ya kila mtu? Ungemjibuje mtu anayesema uhuru wa dhamiri ni wa wenye imani sahihi peke yao?

3. Kama wewe ndiwe mzee wa kanisa aliyefuatwa na mama yule wa Mwaloni, maneno yako ya kwanza kwake yangekuwa yapi? Ungemwambia nini shemasi?

4. Kundi lenu linaweza kufanya nini ili watoto wa kanisa na wa mtaa walindwe dhidi ya wanaowaharibu, hata kama mhusika ni ndugu au kiongozi anayeheshimiwa?

5. Je, kuna mtu katika mtaa wenu anayesemwa kwa uvumi, kwa jambo hili au kwa uchawi? Bila kumtaja jina, jadilini jinsi amri ya tisa inavyowahusu ninyi kwake juma hili.